Nyumba Isiyohama

Watu wengi hudhani ya kuwa utaratibu wa nyumba ni jambo la wageni, tena la watu wa mjini wenye makabati na vyumba vingi. Husema, "Wazee wetu walikaa katika nyumba ndogo za samadi, nao hawakuyajua mambo hayo." Neno hili si kweli. Nataka kuonyesha kwa habari za nchi yetu hii ya Enguserosambu, katika wilaya ya Ngorongoro, ya kuwa wazee wetu walikuwa na utaratibu wao, tena ulikuwa mkali. Ila utaratibu ule ulitegemea jambo moja, na jambo hilo limetuondokea. Ndiyo sababu nyumba zetu nyingi zimejaa vitu, nasi hatujui viliingia lini.

Nyumba ya Kimasai, yaani enkaji, ilijengwa na mwanamke, nayo ilihesabiwa kuwa yake. Alikata fito mwituni, akazichimbia na kuzipinda, akazifunga, akajaza majani katikati, ndipo akakandika samadi ya ng'ombe. Haikuwa ndefu, mtu mzima aliinama akiingia. Mlango ulipita katika ujia uliopinda, hata upepo usifike ndani moja kwa moja. Karibu na ujia palikuwa na zizi dogo la ndama na wana-kondoo. Katikati palikuwa na meko, na ukutani tundu dogo la kutoa moshi na kuingiza nuru. Vitanda vilikuwa vya fito, vimetandikwa ngozi. Vibuyu vya maziwa vilikaa mahali pake mama alipovichagulia, wala watoto hawakuvichezea.

Angalieni basi. Nyumba ile ilikuwa na giza hata mchana, lakini mwenyewe aliweza kunyosha mkono usiku wa manane akapata kibuyu, au kijinga cha moto, au kamba ya kufungia ndama. Aliwezaje? Kwa sababu kila kitu kilikuwa na mahali pake, na vitu vyenyewe vilikuwa vichache.

Tena usafi ulikuwapo. Kibuyu cha maziwa hakikutiwa maziwa mapya kabla ya kusafishwa. Mwanamke alichukua kijiti cha mzeituni mwitu, uitwao oloirien, akakitia motoni hata ncha yake ikawa kaa, akasugua nacho ndani ya kibuyu, kisha akatoa majivu kwa ufagio mdogo. Maziwa yalipata harufu njema, wala hayakuharibika upesi. Kazi hii haikungoja siku ya wageni. Ilifanywa kila mara kibuyu kilipokwisha kutumika, na binti aliifunza kwa kumtazama mama yake. Hii ndiyo tuiitayo desturi, yaani kazi ndogo irudiwayo hata isihitaji kukumbushwa.

Sasa nitasema jambo lile lililoshika utaratibu wote: ni kuhama. Wafugaji hawakuhama kwa kutangatanga, kama wengine wanavyosema, bali kwa kufuata majani na maji. Wakati wa mvua walishuka mbugani. Wakati wa kiangazi walipanda kwenye nchi za juu zenye chemchemi na misitu ya mitarakwa na mizeituni mwitu, kama nchi yetu hii. Tena mwanzoni mwa mwaka, nyumbu wazaapo katika mbuga za Serengeti na Ngorongoro, wafugaji huwaondoa ng'ombe wao huko, maana nyumbu hao huwaambukiza ng'ombe maradhi ya kuwaua.

Siku ya kuhama kila mtu alikuwa na kazi. Wanaume na vijana waliswaga ng'ombe. Watoto walichunga kondoo na mbuzi. Wanawake walitoa vitu vyote nje, wakakunja ngozi, wakafunga vibuyu, wakapakia punda. Hapo ndipo kila kitu kilipopimwa. Ngozi iliyooza, kibuyu kilichopasuka, kamba isiyofaa, vyote viliachwa. Mgongo wa punda ulikuwa mwamuzi asiyependelea mtu. Kilichozidi mzigo wake hakikwenda. Basi mara kwa mara nyumba yote ilitolewa juani, ikahesabiwa, ikapunguzwa. Hata boma lenyewe liliachwa pamoja na samadi yake na viroboto wake. Miaka ikipita, mahali pale paliota majani mabichi kuliko ya kandokando, na hata leo mchungaji mwenye macho hutambua maboma ya zamani kwa rangi ya majani tu.

Kwa hiyo husema hivi: katika siku zile hapakuwa na haja ya kumwambia mtu apunguze vitu vyake. Safari ilimpunguzia.

Lakini safari zilikwisha kidogo kidogo. Mwaka wa 1959 serikali ya kikoloni iligawa nchi ya Serengeti. Wafugaji waliokaa ndani ya hifadhi wakaondolewa, na njia nyingi za kuhama zikafungwa. Katikati ya miaka ya 1970 ikaja kazi ya kuwakusanya watu vijijini. Katika nchi ya Wamasai iliitwa Operesheni Imparnati, jina litokanalo na neno la Kimasai la makao ya kudumu. Mwaka wa 1975 ikatolewa sheria ya vijiji, na mwaka wa 1979 Ngorongoro ikawa wilaya. Shule zikajengwa, na zahanati, na minada ikawekwa siku zake. Watu wakaanza kulima mahindi na maharagwe. Ng'ombe na vijana wangali wakihama wakati wa kiangazi, lakini mama na watoto wadogo na wanafunzi hubaki. Nyumba haihami tena.

Sisemi ya kuwa kukaa mahali pamoja ni kubaya. Mtoto hawezi kusoma kama kila miezi michache anaondolewa shuleni. Nasema tu ya kuwa tulipoacha kuhama tuliacha na ufagio wetu mkubwa, wala hatukutafuta mwingine badala yake.

Tena vitu vyenyewe vimebadilika. Zamani karibu kila kitu cha nyumbani kilikuwa ngozi, au mti, au kibuyu. Kikitupwa, kilioza au kililiwa na mchwa. Siku hizi twanunua madumu, ndoo, makopo, betri za tochi, viatu vya plastiki. Vitu hivi havirudi udongoni, na ng'ombe alaye mfuko wa plastiki huweza kufa, tumbo lake likiwa limezibwa. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini plastiki nyingine zingali zikiingia nyumbani kila siku ya mnada, wala hazitoki.

Hasara ya jambo hili si aibu mbele ya wageni tu. Samadi isiyohamwa huzidi kuwa nyingi mlangoni, na nzi huzidi pamoja nayo. Nzi hao hutua machoni mwa watoto, nao hueneza maradhi ya vikope, ambayo waganga huyaita trakoma. Na mtu akiambukizwa mara nyingi tangu utoto, huweza kuwa kipofu ukubwani. Tena fikirini habari za karatasi. Mzee wa zamani hakuwa na karatasi hata moja. Leo kila nyumba ina kadi ya kliniki, cheti cha kuzaliwa, madaftari ya shule, risiti za mifugo. Mtoto huamka usiku na homa kali. Baba atafuta tochi asiione, mama atafuta kadi chini ya magunia, chini ya kitanda, ndani ya ndoo ya unga. Saa moja yapita, na mtoto azidi kuungua. Saa ile haikuibwa na umaskini, bali na fujo.

Basi tufanye nini? Tuwatazame kwanza watu waliokaa mahali pamoja tangu zamani. Huko pwani, katika mji wa Lamu, watu waliojenga nyumba za mawe miaka mia mbili na zaidi iliyopita walitia katika kuta zao vishubaka vingi viitwavyo zidaka, wakaweka humo vyombo vyao vya thamani. Nyumba haikuhama, kwa hiyo ukuta wenyewe ulifanywa kuwa mahali pa vitu. Na hapa karibu nasi wako Wabatemi, ambao wengine huwaita Wasonjo. Hao huishi kwa mifereji ya kunyweshea mashamba, na wazee wao wa baraza, wenamiji, waligawa maji kwa zamu. Kwa mmoja twajifunza mahali, kwa mwingine twajifunza zamu. Mambo hayo mawili hayana gharama.

Kwanza, kila kitu kipewe mahali. Vigingi vichache ukutani vyatosha kwa nguo na kamba. Kichanja cha fito nje chafaa kukaushia vyombo juani. Na sanduku moja dogo lenye kifuniko, lililotundikwa juu ya mikono ya watoto na mbali na moshi, liwe la karatasi tu, wala kisitiwe kitu kingine humo. Kitumikacho kirudishwe mahali pake kabla ya kulala.

Pili, kazi iwe kwa zamu. Wengine husema, "Nyumba ni ya mama, basi fujo ni yake." Hili si neno la haki, maana siku ya kuhama hapakuwa na aliyekaa bure. Mvulana aondoe samadi kila asubuhi, aipeleke shambani, maana mahindi huipenda. Msichana asibebeshwe peke yake. Baba aletaye kitu kipya kutoka mnadani aulize kwanza, "Kitakaa wapi, na kipi kitatoka?"

Tatu, tuhame bila kuhama. Mara mbili kwa mwaka, kabla ya mvua za vuli na kabla ya masika, siku moja watu wote wa nyumbani watoe vitu vyote nje juani, ngozi na magodoro na masanduku. Nyumba ifagiliwe pembe zote, na nyufa zikandikwe. Maana usipoziba ufa utajenga ukuta. Kisha, kabla ya kurudisha kitu, aulizwe mtoto mdogo kuliko wote: "Kama tungekuwa twahama leo, punda angekibeba hiki?" Kinachofaa kirudi. Kinachoweza kumfaa jirani apewe jirani. Kilichobaki kitengwe shimoni, mbali na mifugo na mbali na maji.

Haba na haba hujaza kibaba. Na nyumba nayo hujaa fujo haba na haba, hutakaswa vivyo hivyo. Bibi zetu hawakuwa na kabati, lakini waliweza kupakia nyumba nzima juu ya punda asubuhi moja, nao walijua kila kilichokuwamo. Mwanamke au mwanamume wa leo awezaye kusema hivyo juu ya nyumba yake, ingawa ina paa la bati na milango miwili, hajaiacha njia ya wazee wake.