Kulegeza Msuli, Kumsimamisha Mtoto

Mshike mguu mtoto mwenye mtindio wa ubongo, uukunje wayo wake polepole kuelekea juu: unakubali. Rudia kwa kasi: unagoma. Mgomo huo unaokua kadiri kasi inavyokua ndio James Lance alioutolea fasili mwaka 1980, nasi tunauita ukakamavu wa misuli. Msuli wenyewe hauna kosa. Ubongo ulioumia mimbani, wakati wa kuzaliwa au katika utoto mchanga hauwezi tena kuzituliza neva za uti wa mgongo, kwa hiyo msuli ukivutwa hujibu kwa kujikaza.

Takriban watoto wanne kati ya watano wenye mtindio wana aina hii yenye ukakamavu, na ni rahisi kudhani kwamba ukakamavu ukiondoka mtoto atatembea. Naipinga dhana hiyo. Chini ya ukakamavu umejificha udhaifu, pamoja na ubongo kushindwa kuamrisha msuli mmoja bila kuamsha jirani zake. Wapo watoto wanaosimama kwa sababu tu miguu yao imekaza, ukiilegeza, wanaanguka.

Ushahidi mzuri umetoka barani kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika Hospitali ya Watoto ya Red Cross, Cape Town, daktari Warwick Peacock aliurekebisha upasuaji wa kukata mizizi ya neva za hisia, ambao Mjerumani Otfrid Foerster aliuanza mapema katika karne hiyo. Peacock aliushusha hadi sehemu ya chini ya mgongo, akaipima mizizi kwa umeme, akakata ile tu iliyojibu kupita kiasi. Baadaye aliupeleka Marekani, ukaenea. Watafiti wa Cape Town waliowapima wagonjwa wa awali miaka 20 baadaye walikuta faida katika mwendo wao bado ipo. Lakini majuma ya kwanza baada ya kisu, mtoto huwa dhaifu kuliko alivyoingia. Ndiyo maana huchaguliwa hasa wale ambao tayari wana nguvu ya kutosha miguuni, kisha hufuata miezi mingi ya mazoezi. Kisu kiliondoa ukakamavu, hakikuleta mwendo.

Sindano ya sumu ya botulinamu ina kanuni ileile. Huzuia neva kutoa asetilikolini, msuli ukalegea kwa miezi mitatu hivi. Ni muda wa kufanya kazi: kumnyoosha mtoto, kumfunga hogo kwa awamu ili kisigino kishuke, kumtembeza. Mzazi aliyelipia sindano bila mtaalamu wa fiziotherapia amenunua miezi mitatu mitupu. Baklofeni ya kumeza ni rahisi zaidi, ila hulegeza mwili mzima, shingo na kiwiliwili pia, na humletea mtoto usingizi. Tena kuikatiza ghafla, kwa mfano dawa ikiadimika, kwaweza kuleta degedege. Na msuli uliokwisha kufupika hauna dawa ya kuurefusha.

Kwa hiyo kwa Afrika Mashariki, ambako utafiti uliochapishwa mwaka 2017 kutoka mashariki mwa Uganda ulikadiria watoto karibu 3 wenye mtindio kwa kila 1,000, ningeanza na fiziotherapia wilayani, vifaa vya kushikilia vifundo, na picha za eksirei za nyonga kwa ratiba. Nyonga huteguka kimyakimya: utafiti wa Australia uliona tatizo hilo kwa takriban theluthi ya watoto wote, na kwa 90% ya wale wa daraja la 5, lililo zito kuliko yote katika mizani ya uwezo wa kujongea ya Robert Palisano ya mwaka 1997.

Swali la mama kliniki huwa moja: atatembea lini? Kwa mtoto wa daraja hilo, kutembea silo lengo. Mapaja yanayoachana kiasi cha kumwosha na kumvalisha bila kilio ni lengo halali kabisa, na liandikwe kwenye faili lake kabla sindano haijachomwa.