Eti Dipresheni ya Mama Mzazi ni Ugonjwa wa Wazungu?

Hapa Lodwar utaisikia kila mahali, kuanzia kwa wasee wa boda hadi kwa kina nyanya: dipresheni ni ya wazungu. Mama Mturkana anajifungua, anainuka, anaenda kuteka maji. Stori imeisha.

Haya, twende kwa historia basi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, daktari Mwingereza wa akili, John Cox, alikuwa akifundisha Makerere. Alienda kliniki ya Kasangati, nje kidogo ya Kampala, akafuatilia wanawake kabla na baada ya kujifungua. Karibu mmoja kati ya kumi alikuwa na dipresheni. Na Waganda hawakuwa wanamngoja yeye awaambie. Walikuwa na neno lao, amakiro, ugonjwa wa akili unaompata mama aliyetoka kujifungua, mpaka watu wanahofia atamdhuru mtoto. Walisema unaletwa na uzinzi wakati wa mimba. Hapo siwaungi mkono, hiyo ni kumgonga mtu ambaye tayari yuko chini. Lakini hakuna anayetunga jina la ugonjwa ambao hajawahi kuuona.

Cox akaenda Scotland, akafanya utafiti kama huo Edinburgh, na idadi haikuwa mbali na ile ya Uganda. Mwaka 1987 yeye na wenzake, Jenifer Holden na Ruth Sagovsky, wakachapisha fomu ya maswali 10 ambayo sasa inatumika dunia nzima. Inauliza siku saba zilizopita zilikuwaje: bado unacheka? Unajilaumu bure? Umewahi kufikiria kujidhuru? Haipotezi muda kuuliza kama umechoka, kwa sababu mama gani mwenye mtoto mchanga hajachoka? Kwa hivyo ile fomu mnayoiita ya kizungu, safari yake ilipitia hapa jirani.

Sasa sababu. Mtoto akitoka, homoni za mimba zinaanguka ghafla ndani ya siku chache. Hiyo ni Lodwar, hiyo ni London, mwili haujui pasipoti. Wengi hulialia siku kadhaa halafu inapita. Isipopita, majuma yakaongezeka, mara nyingi kuna kitu kingine juu yake: alishawahi kuwa na dipresheni, mtoto amefariki au ni mgonjwa, mume anapiga, pesa hakuna, mama mwenyewe ni msichana wa miaka 16. Na kile ambacho mimi nakiona kikubwa zaidi huku kwetu: hana mtu kando yake.

Hapo ndipo historia ya Turkana inaingia. Zamani mama alijifungulia kwenye awi, boma lenye mama mkwe, wake wenza na watoto wakubwa wa kutumwa. Sisemi ilikuwa raha, mke mwenza anaweza kuwa ndiye dipresheni yenyewe. Lakini kulikuwa na mikono. Halafu ikaja njaa ya 1979 hadi 1981, ile wazee wanaiita Lopiar. Ukame, magonjwa ya mifugo na uvamizi vikamaliza mbuzi na ng'ombe, na maelfu ya watu wakaishia kwenye kambi za chakula. Wengi hawakurudi tena malishoni. Boma likawa chumba kimoja cha kukodi mjini, mume ameenda kutafuta kibarua, na bibi yuko mbali na mbuzi wachache waliobaki.

Sasa panda gari uende Kakuma, kama kilomita 120 kutoka hapa. Kambi ilifunguliwa 1992, wakati wavulana waliotoroka vita vya Sudan walipofika kwa miguu. Baadaye wakaja Wasomali, Wakongo, Warundi, Waethiopia. Fikiria mwanamke aliyekimbia, mama yake amebaki ng'ambo ya mpaka au amekufa, anajifungua kati ya majirani ambao haelewi lugha yao. Mwaka 2025 pesa za wafadhili zikapungua, mgao wa chakula ukakatwa vibaya mpaka watu wakaandamana. Unanyonyesha, hujala, usiku hulali. Halafu mtu akwambie jikaze, wengine wamezaa tisa.

Eti jikaze. Na nini?

Kinachoniuma ni kwamba mama huyu si kwamba amejificha. Mwaka 2013 serikali iliondoa ada ya kujifungua kwenye hospitali za umma, na chanjo zinamrudisha kliniki wiki ya 6, ya 10, ya 14. Binamu yangu alienda zote. Mtoto alipimwa kilo, akadungwa sindano, kitabu kikajazwa. Yeye alikuwa amekaa pale siku nzima bila kusema neno, macho yako ukutani. Hakuna aliyemuuliza chochote, na sisi nyumbani tulisema tu amekuwa mpole siku hizi.

Yale maswali 10 yako kwa Kiswahili tayari. Ni dakika tano hivi. Foleni ya mizani inachukua asubuhi nzima.