Ugeni wa podikasti katika biashara

Ugeni wa podikasti ni njia ya kukuza biashara ambapo mwenye kampuni huhojiwa katika kipindi cha mtu mwingine, akiwafikia wasikilizaji ambao tayari wanamwamini mtangazaji. Mfano maarufu ni kipindi cha *How I Built This* cha mtangazaji Guy Raz, kilichoanzishwa na shirika la redio la NPR la Marekani mwaka 2016. Mgeni wa kwanza alikuwa Sara Blakely, mwasisi wa kampuni ya mavazi ya Spanx, aliyeianza kwa akiba ya dola 5,000. Nguvu ya njia hii imo katika masimulizi: msikilizaji hukaa na sauti moja kwa muda mrefu, akisikia hata hasara na mashaka, mambo ambayo tangazo la sekunde 30 halibebi. Katika kuchagua kipindi, kidogo chenye wasikilizaji wanaoihitaji bidhaa hufaa zaidi kuliko kikubwa ambacho wasikilizaji wake hawaihitaji.