Nyumba ya Wazee Waliopotewa na Kumbukumbu

Ukitoka Likasi ukashika barabara iendayo Kolwezi, utapita Mulungwishi, mahali panapojulikana kwa shule za ndugu zetu Wametodisti. Katika vijiji vya huko, kama katika mitaa ya Likasi yenyewe, wako wazee waliokula mshahara wa kampuni ya shaba siku za ujana wao. Tuchukue mfano wa mzee mmoja wa namna hiyo, aliyeandikwa kazini mwaka 1960 akiwa kijana wa miaka ishirini. Leo amepita themanini. Saa nane za usiku anaamka, anatafuta viatu vyake vya kazi, anataka kutoka aende Jadotville. Ukimwambia kwamba Jadotville hakuna tena, kwamba tangu mwaka 1966 mji ule unaitwa Likasi, anakasirika, pengine anainua fimbo. Mwanawe anamwita baba, naye anamjibu: «Wewe ni mtoto wa nani?»

Madaktari huuita ugonjwa huu demensia. Sisi tuuite ugonjwa wa kusahau. Kuzeeka peke yake hakuuleti, maana wako wengi waliofika miaka tisini na akili zao timamu. Ni ubongo wenyewe unaoharibika kidogo kidogo, na dawa ya kuuponya haijapatikana. Kinachobaki ni kutunza. Na hapo ndipo shauri linapozuka katika jamaa: Tumfungie ndani? Tumpeleke katika nyumba ya wazee? Na tukimpeleka, tutajuaje kama nyumba ile ni njema?

Swali hilo la mwisho lina historia ndefu, na kipande chake kimefika hata Katanga. Mjini Lubumbashi iko nyumba ya kutibu wagonjwa wa akili, inayoongozwa na mabruda waitwao Frères de la Charité, yaani Ndugu wa Mapendo. Nyumba hiyo ina jina la daktari mmoja Mbelgiji, Joseph Guislain. Watu wengi hulitaja jina hilo bila kujua ni la nani. Lakini kabla ya daktari alikuwako padri, basi tuanze na padri.

Petrus Jozef Triest alikuwa kanoniki wa mji wa Gent. Mwisho wa mwaka 1807 aliwakusanya vijana wachache, akawapa kazi moja tu: kuwatunza wazee wanaume maskini katika nyumba ya Bijloke. Ndivyo shirika lile la mabruda lilivyoanza, kwa kulisha wazee na kuwafulia nguo. Mwaka 1815 Triest aliingia nao katika ngome moja ya kale ya Gent, iitwayo Geeraard de Duivelsteen. Chini ya ngome hiyo walikuwamo wanaume waliorukwa na akili, wamefungwa minyororo gizani. Mabruda waliifungua minyororo ile.

Kufungua mnyororo ni kazi ya saa moja. Kukaa na mtu siku zote bila mnyororo ni kazi nyingine kabisa, na hapo akahitajiwa daktari. Guislain alizaliwa Gent mwaka 1797. Mwaka 1826 aliandika kitabu kikubwa juu ya magonjwa ya akili na nyumba za kuwatunza wagonjwa hao, na mwaka 1828 akawekwa kuwa daktari mkuu wa nyumba hizo katika mji wake. Alitaka nini? Mwanga, hewa, bustani, kazi za mikono kwa anayeweza, na watunzaji waliofundishwa. Kwake jengo lilikuwa sehemu ya dawa. Mwaka 1857 ilifunguliwa nyumba aliyoipigania, iliyojengwa hasa kwa wagonjwa wa akili. Kabla yake wagonjwa hao walitiwa tu katika ngome na makao ya zamani yaliyojengwa kwa shughuli nyingine.

Katikati ya mambo hayo Ubelgiji ulitunga sheria. Tangu mwaka 1850 hakuna aliyeruhusiwa kufungua nyumba ya namna hiyo bila idhini ya serikali, na wakubwa wa serikali walipewa wajibu wa kwenda kuzitazama. Kwa maoni yangu jambo hili lilikuwa kubwa kuliko majengo. Kabla ya hapo mgonjwa alitegemea wema wa bwana wa nyumba. Akiwa mwema, alishiba. Akiwa mkatili, nani angejua?

Katika nchi hiyo hiyo ilikuwako njia nyingine, ya zamani zaidi. Huko Geel watu waliheshimu kaburi la Mtakatifu Dymphna, na tangu karne ya 13 waliosumbuka akilini waliletwa huko kuombewa. Nafasi zilipojaa kanisani, wanakijiji waliwapokea nyumbani mwao. Wengine walikuja kwa siku tisa, wakakaa miaka arobaini. Walikula mezani pamoja na wenyeji, wakachunga ng'ombe, wakabeba watoto. Mwaka 1938 wageni wa namna hiyo walikuwa 3,736 katika mji wa watu kama 16,000. Serikali ilikuwa imekwisha kuweka madaktari wa kuwazungukia, na kuangalia kwamba mgeni ana kitanda chake, chakula cha kutosha na mtu wa kumsemea. Desturi ile ipo hata leo, ingawa wageni wamepungua sana, na mwaka 2023 UNESCO iliitambua. Mwafrika akiisikia habari ya Geel hashangai sana. Atasema, hivyo ndivyo tunavyoishi sisi. Lakini aangalie jambo moja: jamaa zile za Geel hazikuachwa peke yao. Alikuwako wa kuwajia, na wa kumchukua mgonjwa kazi ilipowazidi nguvu.

Sasa twende Frankfurt, nchi ya Ujerumani. Novemba 1901 mwanamke mmoja, Auguste Deter, mwenye miaka 51, aliletwa hospitali na mumewe. Alikuwa akisahau, akificha vitu ovyo, akimwonea mumewe wivu bila sababu. Daktari Alois Alzheimer alimwuliza jina lake, naye akajibu Auguste. Akamwuliza jina la mumewe, akajibu tena Auguste. Katika mazungumzo hayo yule mama alisema kwamba amejipoteza. Alipokufa Aprili 1906, Alzheimer aliuchunguza ubongo wake kwa darubini, na mwezi wa Novemba mwaka huo akawaeleza wenzake mjini Tübingen alichokiona. Mwaka 1910 Emil Kraepelin aliuita ugonjwa ule kwa jina la Alzheimer. Habari hii imo katika kila kitabu cha madaktari.

Lakini Auguste alikufa kwa nini? Vidonda vya kulala. Mtu asiyegeuzwa kitandani, nyama yake huoza mgongoni na nyongani, na sumu ya vidonda huingia damuni. Hospitali ile haikuwa mbaya kwa wakati wake. Wakubwa wake walikuwa wakijitahidi kuacha kufunga wagonjwa. Hata hivyo mgonjwa aliyeupa ugonjwa huu sifa duniani aliuawa na kitu ambacho mikono miwili na shuka kavu huweza kukizuia mara nyingi. Elimu ya ubongo imepiga hatua nyingi tangu hapo. Kumgeuza mgonjwa usiku bado kunamngoja mtu wa kuamka.

Mabruda wa Triest waliingia Kongo mwaka 1911, wakaanzia Lusambo. Mwanzoni walifundisha shule. Kazi ya wagonjwa wa akili ilikuja baadaye, nayo ikaenea Kongo, Rwanda na Burundi. Katika Katanga ya siku zile, neno la kutunza watu lilikuwa mkononi mwa kampuni. Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, ilichoka kupoteza wafanyakazi kila miezi sita, na kuanzia mwaka 1928 hivi ikaanza kuwaweka makambini pamoja na wake zao na watoto. Daktari Léopold Mottoulle aliongoza shauri hilo. Watoto walipimwa uzito, mama walipewa maziwa, kila nyumba ilikaguliwa. Tukubali kwamba watoto wengi walipona kwa sababu hiyo. Lakini tuone pia kipimo kilikuwa nini: nguvu ya kazi. Mtoto alipimwa kwa kuwa atafanya kazi, na baba kwa kuwa anafanya. Nyumba ilikuwa ya kampuni, na mwenye kumaliza kazi alipaswa kuiacha. Ilidhaniwa kwamba mzee atarudi kijijini kwao, na huko wenyewe watamjua.

Wengi hawakurudi. Walikuwa wamezaa watoto Likasi, wakazika wake zao Likasi, na kijiji kilikuwa mbali, Kasai, Maniema, pengine hata Rwanda. Amri juu ya pensheni ya wafanyakazi Wakongomani ilitoka mwaka 1956 tu. Mwaka 1967 mali ya Union Minière ikawa ya serikali, baadaye ikaitwa Gécamines. Nayo ilipodhoofika, wafanyakazi 10,655 waliondolewa mwaka 2003 kwa fedha za Benki ya Dunia, kila mmoja na malipo yake ya mara moja. Hospitali na shule za kampuni zilizokuwa tegemeo la jamaa zao zikawa mbali nao. Watu wale ndio wazee wa leo. Na mzee anapoanza kusahau, binti yake anayeuza mboga sokoni ndiye daktari, ndiye mwuguzi, ndiye mlinzi wa usiku.

Wapo wasemao ugonjwa huu ni wa Wazungu, kwa kuwa sisi tunawapenda wazee wetu. Hesabu zinawakanusha. Wilayani Hai, chini ya Kilimanjaro, wazee walichunguzwa kijiji kwa kijiji mwaka 2009 na 2010. Katika kila 100 wenye miaka 70 na zaidi, kama 6 walikuwa nao. Brazzaville, katika wenye miaka 65 na zaidi, walionekana karibu 7 kwa 100. Penye watu wengi wasioujua ugonjwa huu, mama mzee anayesema peke yake usiku, anayesahau kuoga, anayemshtaki mkwewe kwamba amemwibia, huitwa mchawi kwa upesi. Dalili alizokuwa nazo yule mama wa Frankfurt ndizo hizo hizo. Tofauti ni kwamba yeye alipelekwa hospitali.

Kwa hiyo sisemi kwamba kila mzee apelekwe katika nyumba ya wazee, wala sisemi kwamba kumpeleka ni kumtupa. Mtoto aliyelala saa tatu kila usiku kwa mwaka mzima hana haja ya kuhubiriwa na jirani. Nasema kwamba, akimpeleka, asihesabu vigae vya sakafu. Aende saa ya chakula bila kutoa habari, aone kama mzee analishwa polepole na mtu aliyeketi karibu naye, au kama kijiko kinasukumwa mdomoni kwa haraka. Anuse kitanda. Aombe kuonyeshwa migongo na visigino, maana vidonda havisemi uwongo. Atazame kama kuna kamba kitandani au kufuli mlangoni, na kama wazee wote wanasinzia mchana, aulize wamepewa dawa gani. Aulize walinzi wa usiku ni wangapi; nyumba nyingi zina watu wa kutosha mchana, na usiku zina mmoja tu. Tena amwulize mwuguzi: Huyu alikuwa nani? Kama hajui kwamba mzee huyu aliyeyusha shaba Shituru miaka thelathini, hataelewa kwa nini anatafuta viatu usiku, naye atamfunga. Akijua, atampa viatu vyake, atatembea naye uani mpaka uchovu umshike, atamrudisha kulala.

Mwingereza Tom Kitwood, aliyefundisha Bradford, aliandika kitabu juu ya jambo hili mwaka 1997, akaonyesha kwamba mgonjwa huzidi kuharibika akitendewa kama kitu. Waholanzi nao, huko Weesp, wamejenga tangu mwaka 2009 kijiji kizima cha wagonjwa wa kusahau, chenye duka na uwanja, wanamoishi wachache wachache nyumba kwa nyumba. Ni kizuri, na ni cha gharama. Likasi haitakijenga kesho. Viatu vya yule mzee havina gharama.

Kwa upande wa sheria, Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, katika kifungu cha 49, inawapa wazee haki ya kulindwa kwa namna inayofaa mahitaji yao ya mwili, ya akili na ya moyo. Umoja wa Afrika nao ulipitisha mwaka 2016 mapatano juu ya haki za wazee, yaliyoanza kuwa na nguvu Novemba 2024. Yamo humo maneno ya kukomesha mashtaka ya uchawi juu ya wazee. Yamo pia maneno juu ya nyumba za wazee: kwamba mzee asiingizwe kwa lazima, kwamba gharama ziwe za kuwezekana, na kwamba utunzaji usipungue kipimo kilichowekwa na nchi yenyewe. Kuandika kipimo hicho, na kumteua mtu wa kwenda kukagua kama walivyofanya Wabelgiji mwaka 1850, ni kazi ambayo mapatano yameiachia kila serikali.