Historia Iliyo Chini ya Gari

Historia ya matatu kawaida tunasimuliwa kwa sheria. Mwaka 1973, Rais Jomo Kenyatta aliziruhusu zibebe abiria bila leseni ya usafiri wa umma. Mwaka 2004, sheria za Michuki zikaleta mikanda, vidhibiti mwendo na ule mstari wa manjano. Sawa. Lakini ni nani alikuwa anayarudisha haya magari barabarani yakiharibika?

Nilianza kujiuliza hivyo tulipobadilisha klachi ya Hiace yetu kuukuu hapa nyumbani. Klachi ikiisha, injini inanguruma lakini gari halisongi. Kuifikia, unafungua propela shafti, unashusha giaboksi, ndio uione pleti. Ngoma iko kwa kurudisha: pleti isipokaa katikati kabisa, shafti ya giaboksi haiingii. Kuna kifaa maalum cha kuipanga. Mjomba, aliyejifunzia kazi Grogan, alichonga kijiti tu, kikaingia sawasawa.

Ujuzi kama huo ulitokana na haraka. Matatu iliyolala gereji haina hesabu ya jioni, kwa hivyo fundi wa jua kali alitumia chochote kilichokuwa karibu, na aliyesimama kando akajifunza kwa kutazama.

"Mjomba, nani alikufunza hii ya kijiti?"

"Aah, jamaa fulani tu, hapo Grogan."

Hapo ndipo panaponiuma. Kila sheria ya matatu ina tarehe yake. Huyo jamaa hana hata jina, na bila yeye gari lisingetoka.