Washeni AM, Lakini Leteni Kanda Zote

Wadau, kabla hamjacheka, nisikilizeni. Juzi nimeipata redio ya marehemu awoowe, ile ya betri kubwa, mshale umekwama kwenye AM. Dogo wa kwetu akauliza, "AM ni asubuhi?" Nikajua tumefika mbali.

FM ukitoka mjini kidogo imeisha. Mawimbi ya AM hutambaa ardhini, na usiku anga ya juu huyarudisha chini, yanafika mbali ajabu. Ndiyo maana mchunga ngamia wa huku angeweza kushika Nairobi na Mogadishu jioni moja.

Na zote mbili zilikuwa zinamtaka. Wakati wa vita vya Shifta, 1963 hadi 1967, Redio Mogadishu ilitupia maneno upande huu, Sauti ya Kenya nayo ikajibu kwa Kisomali. Awoowe alisema walisikiliza zote, halafu wanafungulia BBC, iliyokuwa na idhaa ya Kisomali tangu 1957, kuamua nani mwongo. (Siku zingine wote, alisema.)

Sasa mtu akisema vipindi vya kale vitaziokoa stesheni za AM, anawaza salamu, nyimbo, na "Je, Huu ni Ungwana?" ya Leonard Mambo Mbotela, iliyoanza 1966. Sawa, hata mimi ningesikiliza. Lakini zile kanda zingine je? Vita viliisha 1967, sheria za hali ya hatari zikabaki huku hadi 1991. Wagalla, Februari 1984: serikali ilihesabu 57, tume ya ukweli ikaja kusema ni karibu 1,000. Mimi nataka kusikia taarifa ya habari ya wiki ile. Ilisema nini? Ama ilinyamaza vipi? Ichezwe hewani, kisha wazee wapige simu wajibu.

Kanda za Redio Mogadishu zimepita katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, na leo zinaingizwa kwenye kompyuta. Sisi tunangoja nini?

Najua mtambo wa AM unakula umeme, na mtu wa hesabu atauliza nani analipa. Basi anzeni na saa moja tu, baada ya Isha. Awoowe ameshaenda. Marafiki zake watatu bado hukaa chini ya ule mti karibu na soko la mifugo, na mmoja bado ananunua betri.