Muzee akipotea njia, nani analipa? Historia ya miji ya Japani na ugonjwa wa kusahau

Mu Desemba 2007, ku muji wa Obu, mu Japani, muzee mumoja wa miaka 91 alitoka mu nyumba bila mutu kumuona. Alikuwa na ule ugonjwa wa ubongo wenye unafanya mutu asahau njia ya kwake na hata majina ya watoto wake. Muke wake alikuwa na miaka 85. Alikuwa anamuchunga muchana na usiku, na ile saa usingizi ulimubeba kidogo tu. Muzee akafika ku reli, treni ikamugonga, akakufa.

Kisha kampuni ya treni ikashitaki familia: walipe hasara ya treni zenye zilichelewa. Mu 2013, tribinali ya kwanza ikasema familia ilipe yen milioni 7 na kitu. Kesi ikapanda mupaka Tribinali Kubwa, na tarehe 1 Machi 2016 wazuzi wakasema hapana, hii familia haina deni. Watu wengi walifurahi. Lakini ulizo ulibakia: kama haiko familia, basi nani?

Wandugu, naandika hii juu ulizo hii ni yetu pia. Kwetu huku, mama muzee akianza kupotea mu avenyi, kuongea peke yake usiku, kusahau kama amekula, watu hawasemi ni ugonjwa. Wanasema ni mulozi. Wengine wanafukuzwa, wengine wanapigwa. Na wakati tunawaambia watu waache, wanatuuliza: «Basi nani atamuchunga?» Tuone kwanza namna wengine walijibu.

Mu Japani, zamani jibu ilikuwa fupi: muke wa mutoto. Sheria ya wazee ya 1963 ilikuwa imefungua nyumba fulani za kuchunga wazee, lakini kazi kubwa ilibakia ya mwanamuke mu nyumba, bila mushahara na bila mutu kumushukuru. Mu 1972, mwandikaji Sawako Ariyoshi alitosha roman juu ya mwanamuke mwenye anafanya kazi ku biro na tena anachunga baba-mukwe mwenye amesahau kila kitu. Kile kitabu kiliuzwa zaidi ya milioni moja. Watu waliona kama aibu yenye walikuwa wanaficha mu nyumba ilikuwa pia mu nyumba ya jirani.

Mu 1980, ku Kyoto, familia zenye zilikuwa na wagonjwa kama hao zikaunda shirika yao. Tuangalie vizuri hapa: haikukuwa serikali njo ilianza. Watu wenye walikuwa wamechoka njo walikutana, wakahesabiana, wakaanza kuomba.

Ilichukua miaka 20 ingine. Mu 2000, Japani ikaanzisha asiransi ya kuchunga wazee. Na mwenye kushika ile asiransi haiko ministere ku kapitale. Ni muji, ni komini. Kila mukaaji akifika miaka 40 anaanza kulipa. Nusu ya feza inatoka mu ile malipo ya watu, nusu ingine inatoka mu kodi: kwa kazi za kumusaidia muzee kwake, serikali ya inchi inaleta 25 ku mia, provense 12,5 ku mia, na komini yenyewe 12,5 ku mia. Familia haiombi huruma tena. Inaenda ku biro ya muji, wanapima hali ya muzee, wanapanga: mutu wa kumuosha kwake nyumbani, ao fasi ya kushinda muchana na wenzake wakati muke wa mutoto anaenda ku kazi.

Mu 2004 serikali ikabadilisha hata jina ya ugonjwa, juu jina ya zamani ilikuwa na maana ya mujinga. Mutu mwenye unamuita mujinga, ni nguvu kumupatia bujeti.

Sasa tufike ku Omuta, juu Omuta inafanana na sisi. Ni muji wa migodi. Watu wake waliishi kwa makaa ya mawe ya Miike, na mu 1997 ule mugodi ukafungwa. Vijana wakaenda kutafuta kazi fasi ingine, wazee wakabakia. Muji maskini, wazee wengi. Walifanya nini? Kuanzia 2004, mu kartie moja, walianza kufanya mazoezi: mutu mumoja anajifanya muzee mwenye amepotea, anatembea mu barabara, na majirani wanajifunza kumusalimia pole-pole, bila kumushitusha, kisha kumurudisha kwake. Habari inapita ku polisi, ku posta, ku madereva wa taxi. Watoto wa masomo wanafundishwa pia. Mazoezi ya vile haiombi feza mingi. Inaomba mutu wa komini mwenye kazi yake ni kuipanga, na mushahara wake uko mu bujeti kila mwaka.

Na Kobe, kisha ile kesi ya treni, ilienda mbali zaidi. Kuanzia 2019, kila mukaaji mwenye analipa kodi ya muji anaongeza yen 400 kwa mwaka. Ile feza inalipia wazee kupimwa kama wako na ugonjwa, na inalipa hasara kama mugonjwa ameleta aksida. Njo jibu ya ulizo ya Obu: wote tunalipa kidogo, ili muke wa miaka 85 asilipe peke yake.

Haiko paradizo. Wazee wanaongezeka, na malipo ya asiransi ya watu wa miaka 65 na zaidi imepanda: mu 2000 ilikuwa karibu yen 2 900 kwa mwezi, leo inapita 6 000. Lakini wanabishana juu ya bei. Hawabishani tena kama ni kazi ya muji.

Tutasema: Japani ni tajiri. Ni kweli. Lakini sheria yetu ya Oktoba 2008 inapatia komini, sekta na sheferi bujeti yao wenyewe. Na Kode ya Migodi ya 2018 inasema 15 ku mia ya redevansi ya migodi iende mu komini ao sekta yenye mugodi uko ndani. Mu Desemba 2023, mu komini fulani, tulichagua washauri wa komini. Wale njo wanapiga kura juu ya bujeti.

Mimi nilisoma agronomia, haiko udaktari. Lakini kusoma bujeti ya komini haiombi udaktari. Tunaweza kuenda ku biro, watano ao sita, tuombe kuona mustari wa mambo ya jamii: iko feza ngapi kwa wazee? Kama ni sifuri, tuiandike, tuisome mbele ya washauri. Familia za Kyoto zilianza hivyo, bila feza, mu 1980. Na ule mama mwenye tunaita mulozi mu avenyi, tujifunze leo kumusalimia pole-pole na kumurudisha kwake.